Kipa Aliyefika Kabla ya Shuti

Kabla mchezo haujaanza, kipa wa mpira wa magongo wa barafuni hufanya kazi ambayo wachache jukwaani huitazama. Barafu iliyotoka kumwagiwa maji na kulainishwa inateleza mno. Basi yeye hupita mbele ya lango akiikwaruza kwa vyuma vya viatu vyake, hatua fupifupi kushoto, hatua fupifupi kulia, mpaka lile eneo la buluu ambalo ni himaya yake linapoteza mng'ao. Anajitengenezea mahali pa kukanyaga. Akimaliza hugusa mlingoti mmoja kwa gongo lake, kisha wa pili, ajue lango liko wapi bila kugeuza shingo. Kuanzia hapo, kwa dakika 60 au zaidi, kazi yake yote itasimama juu ya mikwaruzo hiyo na vipimo hivyo.

Kati ya Aprili na Juni 2003, Jean-Sébastien Giguère, mzaliwa wa Montreal aliyetimiza miaka 26 mechi zikiwa zinaendelea, aliifanya kazi hiyo kwa ukamilifu ambao sijauona kwa kipa mwingine. Timu yake iliitwa Mighty Ducks of Anaheim, klabu ya California iliyoanzishwa na kampuni ya Disney mwaka 1993 na kupewa jina la filamu ya watoto iliyotoka mwaka mmoja kabla. Jina lenyewe liliwafanya watu wasiichukulie kwa uzito, na matokeo yake hayakusaidia. Msimu wa 2001–02 iliambulia pointi 69 na kubaki nje ya mtoano, kama misimu miwili iliyotangulia. Msimu uliofuata ikapanda hadi pointi 95 chini ya kocha mpya, Mike Babcock, ikaingia mtoano ikiwa ya saba upande wa Magharibi. Mwezi Juni ilikuwa mechi moja tu kutoka Kombe la Stanley, taji la ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini.

Waandishi wa wakati ule walitumia sana neno muujiza. Nimezitazama mechi hizo mara nyingi, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyozidi kuona kitu kilichofundishwa, kikafanyiwa mazoezi, kikapimwa kwa sentimita. Hicho ndicho ninachotaka kukieleza, maana walioangalia magoli tu walikikosa.

Tuanze na hesabu. Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kina kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito usiozidi gramu 170, na wapigaji wakubwa hukirusha kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Chukua shuti la kilomita 144 kwa saa: hilo linakwenda mita 40 kila sekunde. Likipigwa kutoka mita 6 linafika langoni kwa sekunde 0.15, na jicho na misuli ya binadamu vinahitaji kama sekunde 0.2 hata kuanza kuitikia. Kipa anayengoja kuona paki inaelekea wapi ndipo ajirushe amekwisha kufungwa. Wapenzi wa kandanda tunaijua taabu hii kwenye penalti, na ndiyo maana kipa akifungwa penalti hatumlaumu. Huku barafuni kipa hupigiwa mashuti ya aina hiyo 30 kwa usiku mmoja, na lawama zote ni zake.

Jibu la Giguère lilikuwa kumaliza kazi kabla shuti halijapigwa.

Ufundi huo ulikuwa na ukoo. Glenn Hall, aliyedaka kuanzia miaka ya 1950, alizoea kushuka kwa magoti huku miguu yake ikifunguka pembeni, wakati ambapo makipa wengine waliamini kwamba kupiga magoti ni kukata tamaa. Tony Esposito akauendeleza. Mtindo ukapata jina la kipepeo, kwa jinsi miguu inavyotanuka kama mbawa. Lakini aliyeugeuza kuwa somo lenye hatua zinazofundishika ni François Allaire, kocha wa makipa kutoka Quebec, ambaye alimlea Patrick Roy pale Montreal, na Roy akabeba kombe mwaka 1986 na tena 1993. Mwaka 1996 Anaheim wakamwajiri Allaire. Miaka minne baadaye klabu hiyo ikamchukua Giguère kutoka Calgary, ambako hakuwa amepata nafasi ya kudumu, kwa malipo ya chaguo moja la raundi ya pili katika uteuzi wa vijana. Hartford walikuwa wamemteua wa 13 mwaka 1995, kwa hiyo kipaji kilijulikana. Kilichokosekana ni mwalimu.

Mtazame sasa jinsi anavyofanya. Mshambuliaji anaingia kutoka kulia akiwa na paki. Giguère hatulii juu ya mstari wa goli. Ametoka mbele kiasi cha mita moja, na kwa hatua hiyo moja mpigaji anaona nyavu chache kuliko zilizopo. Anasukuma kwa mguu wa kushoto, anateleza nusu hatua, anasimama. Kusimama huko ndiko moyo wa kazi yote. Mabega yake yako sawa, kifua kimeelekea kwenye paki, wala si kwenye mwili wa mpigaji; kuuelekea mwili ni kosa la makipa wengi, kwa sababu paki huwa iko nusu mita pembeni ya kifua cha anayeipiga. Glavu ya kudakia iko mbele, mahali anapoweza kuiona kwa macho yake mwenyewe. Viwiko vimebana mbavuni. Gongo limelala bapa kwenye barafu kuziba upenyo wa katikati ya miguu.

Kisha shuti linapigwa na yeye anashuka. Magoti yanakutana, miundi inatanuka, pedi mbili zinalala na kufanya ukuta wa sentimita 30 kutoka mlingoti hadi mlingoti, au karibu na hapo. Kiwiliwili kinabaki wima. Mantiki ya jambo hili ni ya kupendeza: mpigaji anayebanwa na beki hana muda wa kuchagua, na mashuti mengi ya haraka huenda chini. Funga chini kwanza, kisha mwachie mpinzani vipande vidogo vya juu, kwenye pembe, ambavyo ni lazima avipate kwa usahihi mkubwa akiwa anakimbia, anasukumwa na anapigwa magongo mikononi. Wachache wanaweza. Wengi hulipeleka shuti kifuani mwa kipa, na jukwaa zima hudhani mpigaji amefanya uzembe.

Ndiyo sababu ufundi wa Giguère ulikuwa mgumu kupendwa kwa haraka. Kipa anayeruka na kunyoosha mkono dakika ya mwisho hushangiliwa, lakini mara nyingi anaruka kwa kuwa alichelewa. Giguère alionekana mtu ambaye mambo yanamwangukia tu. Paki ilimgonga kwenye nembo ya jezi, akaikumbatia, refa akapuliza filimbi, mchezo ukaanza upya. Usiku mzima hivyo. Wapigaji wa kiwango cha juu duniani wakawa kama wanamlenga yeye kwa makusudi, na kila mmoja akarudi kwenye benchi akitikisa kichwa.

Na hapo kwenye kuikumbatia pana jambo la pili, ambalo mimi nalithamini kuliko hata kuzuia kwenyewe. Paki iliyozuiwa na kurudi mbele ya lango ni hatari kuliko shuti la kwanza, kwa kuwa kipa yuko chini na adui amesimama. Allaire alifundisha kwamba kila paki lazima ipelekwe mahali: ikigonga kifua izimwe hapohapo, ikigonga pedi iende kwenye kona, ambako mabeki wanaingoja. Keith Carney, Ruslan Salei, Niclas Havelid na kijana Kurt Sauer walijua paki itatokea wapi kabla haijatokea. Timu isiyo na washambuliaji wengi wa kutisha ikapata namna ya kuishi: nahodha Paul Kariya mbele, Adam Oates na Steve Rucchin wakigombea paki refa anapoidondosha, na nyuma yao kipa asiyewapa wapinzani nafasi ya pili.

Raundi ya kwanza iliwakutanisha na Detroit Red Wings, mabingwa watetezi, timu ya Steve Yzerman, Nicklas Lidström, Sergei Fedorov, Brendan Shanahan na Brett Hull. Anaheim walikuwa wamekutana na Detroit kwenye mtoano mwaka 1997 na 1999, na mara zote mbili walifungwa mechi nne mfululizo. Giguère mwenyewe hakuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya mtoano. Mechi ya kwanza, pale Joe Louis Arena, ilikwenda hadi kipindi cha tatu cha nyongeza. Huko hakuna mikwaju ya penalti. Bao moja ndilo linalomaliza kazi, hata kama ni alfajiri. Giguère aliokoa mashuti 63, rekodi kwa kipa anayeanza mtoano katika ligi ile, kabla Kariya hajafunga la pili na kumaliza 2-1.

Watu huitaja hiyo 63 kama wingi. Mimi naitazama kwa namna nyingine. Kufikia kipindi cha sita cha usiku mmoja, kipa amepoteza maji mengi mwilini, mapaja yanawaka kwa kushuka na kuinuka mara mamia, na vifaa vimelowa jasho vikawa vizito. Anayetegemea wepesi wa mwili huwa amekwisha. Anayetegemea mahali pa kusimama anaweza kuendelea, kwa kuwa kila uokoaji wake una gharama ndogo. Kutazama dakika za mwisho za mechi ile ni kuona mtu anayesogea kidogo kuliko alivyosogea mwanzoni na bado anafika.

Detroit walitoka kwa mechi nne bila majibu, zote nne kwa tofauti ya bao moja. Wakafuata Dallas Stars, vinara wa Magharibi kwa pointi 111. Mechi ya kwanza nayo ikakataa kwisha: vipindi vitano vya nyongeza, dakika 140 na sekunde 48 za mchezo, mpaka Petr Sykora wa Anaheim alipofunga la nne. Giguère aliokoa 60 usiku huo. Dallas walitolewa katika mechi ya sita.

Fainali ya Magharibi iliwaleta Minnesota Wild, klabu ya miaka mitatu tu, wanyonge wenzao, waliokuwa wameziondoa Colorado na Vancouver baada ya kuwa nyuma 3-1 katika kila raundi. Aliyeimaliza Colorado kwa bao la nyongeza ni Andrew Brunette, na kipa aliyefungwa bao hilo ni Patrick Roy, ambaye hakucheza tena. Alitangaza kustaafu mwezi uliofuata. Mwanafunzi mkubwa wa Allaire akatoka, na mwanafunzi mwingine akasimama mbele ya Brunette yuleyule. Katika mechi nne Minnesota walipiga mashuti 123. Giguère alizuia 122. Mechi tatu za kwanza hawakupata kitu kabisa, na bao lao pekee, katika mechi ya nne, lilifungwa na Brunette.

Sijui mfululizo mwingine wa mtoano unaofundisha zaidi. Minnesota walikuwa timu ya subira chini ya Jacques Lemaire, wakingoja kosa la mpinzani ndipo washambulie. Ukiiwekea timu kama hiyo kipa asiyekosea mahali pa kusimama, unaiacha bila chakula. Marian Gaborik, kijana mwenye mbio aliyekuwa ametisha raundi mbili nzima, alikuwa akifika mbele ya lango na kukuta pedi zimeshalala.

Fainali ilianza baada ya mapumziko ya siku kumi, na naamini mapumziko hayo yaliwaumiza. New Jersey Devils walishinda mbili za kwanza, zote 3-0. Langoni kwao alikuwa Martin Brodeur, naye mzaliwa wa Montreal, lakini wa shule nyingine kabisa. Brodeur alisimama, akasoma mchezo, akabadili mbinu kwa kila shuti, na zaidi ya yote alitoka langoni kwenda kuichukua paki nyuma na kuipiga pasi kama beki wa tatu. Kuwaweka hawa wawili katika barafu moja ni zawadi kwa yeyote apendaye kazi ya kipa. Katika mechi ya tatu hatari ya shule ya Brodeur ilionekana: alitoka kuipokea paki iliyotupwa na Sandis Ozolinsh, gongo likamponyoka mkononi, paki ikaligonga pale lilipolala na kuingia wavuni. Mechi hiyo Salei aliimaliza katika nyongeza. (Salei alifariki mwaka 2011 katika ajali ya ndege iliyoua timu ya Lokomotiv Yaroslavl, na siwezi kumtazama akishangilia bao lile bila kulikumbuka hilo.) Ya nne iliisha 1-0, nyongeza tena, bao la mkongwe Steve Thomas. Mtoano ule Anaheim waliingia muda wa nyongeza mara saba na kushinda mara saba. Giguère hakufungwa bao hata moja la nyongeza. Na kati ya ushindi wao wote 15, 12 ulikuwa wa tofauti ya bao moja.

Mechi ya sita inakumbukwa kwa Kariya, aliyegongwa kichwani na Scott Stevens wa Devils, akalala bila kujitambua, akatolewa, kisha akarudi muda mfupi baadaye na kufunga kwa shuti kali. Ni bao linaloonyeshwa kila mwaka. Mimi siwezi kulifurahia. Mtu aliyepoteza fahamu hakupaswa kurudishwa barafuni, na majeraha ya kichwa kama hayo ndiyo yaliyokuja kumstaafisha.

Ya saba ilichezwa New Jersey Juni 9. Mapema katika kipindi cha pili Scott Niedermayer alipiga shuti kutoka mbali, na Mike Rupp, aliyeingizwa kikosini kwa kuwa Joe Nieuwendyk alikuwa majeruhi, akaligusa njiani kwa gongo. Hapo ndipo mpaka wa ufundi wote nilioueleza. Kipa anayefika mapema anafika mahali ambapo shuti linaelekea. Paki ikibadili njia mbele yake, kule kutulia kwake kunakuwa kujifunga. Hilo lilikuwa bao la kwanza la Rupp katika mtoano maishani mwake. Jeff Friesen akaongeza mawili. Anaheim ndio waliokuwa wamempeleka Friesen New Jersey mwaka uliotangulia, katika biashara iliyomleta Sykora. Ikaisha 3-0, mechi ya saba ya Brodeur bila kufungwa katika mtoano huo, na hakuna kipa mwingine aliyewahi kufikisha idadi hiyo.

Tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano ilikwenda kwa Giguère, wa tano kuipata kutoka timu iliyoshindwa. Mmoja wa waliomtangulia ni Glenn Hall, mwaka 1968, yuleyule aliyeanza kushuka kwa magoti. Giguère alikwenda kuipokea macho yakiwa mekundu, na kabla hajaondoka barafuni Devils walikuwa wanangoja kombe lao.

Walikuwapo waliolalamika kuhusu vifaa vyake. Ni kweli alikuwa mpana kupindukia mle ndani ya pedi na jezi, na wapo wasemao hadi leo kwamba vifaa ndivyo vilivyozuia. Ligi ilipunguza vifaa mwaka 2005: pedi za miguu zilitoka inchi 12 za upana hadi 11. Mwaka huohuo ilichora mistari nyuma ya lango kumzuia kipa asiicheze paki kwenye kona, jambo lililomgusa Brodeur kuliko yeyote. Shule zote mbili za fainali ile zikawekewa sheria kwa mpigo mmoja. Makipa wengine wa kipepeo walipungukiwa. Giguère, akiwa na ukuta mwembamba zaidi, ilimbidi afike mapema zaidi, naye mwaka 2007 alikuwa langoni Anaheim walipolibeba Kombe la Stanley mbele ya Ottawa. Scott Niedermayer alikuwa amehamia kwao, akicheza na ndugu yake Rob, na safari hii Conn Smythe ilikuwa yake.

Anayetaka kuuona ufundi huu aanze na mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota, iliyoisha 1-0 katika kipindi cha pili cha nyongeza. Asiifuate paki. Aangalie viatu vya kipa, ahesabu ni mara ngapi vimesimama kabla gongo la mpigaji halijagusa paki, kisha arudishe nyuma na kuitazama glavu, ambayo muda wote huo haijasogea.